Stenti Mbili, Mume Mmoja

Nianze na wivu, maana wengine huuficha mpaka mwisho. Mimi nilimwonea Bi Mkubwa wivu tangu siku niliyoolewa. Nilimwonea wakati mume wetu yu hai, nikamwonea alipokufa, na tulipozeeka tukabaki wajane wawili tusio na cha kugombania, nikamwonea kwa kile chuma kilichokuwa moyoni mwake. Mimi pia nilikuwa nacho changu, ila chake kilikuwa bora. Anayesema wivu huisha na ujana hajawahi kuwa mke mwenza.

Kwa watu wote alikuwa Bi Mkubwa, mke wa kwanza wa marehemu mume wetu. Mimi nilikuwa Bi Mdogo, na nikabaki Bi Mdogo hata nilipostaafu ualimu nikiwa na mvi kichwa kizima. Yeye Myao wa Masasi, huko chini kwenye majabali na joto. Mimi Mmakonde wa Newala, huku juu kwenye ukungu, ambako asubuhi ya mwezi wa saba unatoka nje na blanketi. Mume wetu alikuwa akiuza nguo na kununua korosho, akipanda na kushuka kati ya miji hiyo miwili, wiki kwake na wiki kwangu. Kwa hiyo kwa miaka mingi mimi na Bi Mkubwa tulijuana kwa vikapu tulivyotumiana zaidi ya sura.

Kilichomfanya ajulikane Masasi na Newala ni kugawa. Marehemu alikuwa mtu wa dini, na aliogopa sana kufufuliwa siku ya Kiyama akiwa amepinda upande kwa kosa la kumpendelea mke mmoja. Lakini mwenyewe hakujua kugawa. Akikata nyama, fungu moja litakuwa paja na jingine mifupa mitupu. Kazi hiyo akamwachia mke wa kwanza. Akinunua kanga, doti mbili za mchoro mmoja. Akileta sukari, Bi Mkubwa ataimimina, ataigawa, na fungu langu litapanda gari la Newala siku hiyo hiyo. Mwaka mmoja alileta redio, na redio haikatiki. Bi Mkubwa akaamua redio ifuate zamu, basi mume na redio vikawa vinapanda gari moja na kushuka gari moja.

Mnadhani nilifurahi? Nilikuwa nachukua fungu langu la sukari nakwenda dukani kwa jirani kulipima kwenye mizani. Nilitaka anipunje. Ningepata neno la kusema, ningepata mahali pa kuegemeza hasira yangu. Hakunipunja hata mara moja, na kila nilipotoka dukani pale nilikuwa nimekasirika zaidi kuliko nilivyoingia. Muuza duka alikuwa akiniuliza, "Mwalimu, leo imepungua?" nami namjibu, "Haijapungua, lione!" kama vile ni kosa lake yeye.

Akiwa nawe ana kwa ana, aligawa kwa namna yake. Anakata mafungu mawili, anayaweka kwenye sinia, halafu anageuza uso anatazama ukutani. "Chagua," anasema. Ukichukua la kushoto, yeye atakula la kulia bila kulitazama mara mbili. "Anayegawa hachagui." Hilo lilikuwa neno lake, na alilisema hata mbele ya wageni, hata mbele ya mashehe. Watu wakasema, mwanamke yule ana imani. Mimi nikawa nasema moyoni, ana maringo.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ugoro. Swala tano hazikumpita, mwezi wa Ramadhani hakutaka hata kusikia redio, lakini alikuwa na kikopo kidogo cha bati pindoni mwa kanga, na ukimsikia anapiga chafya mbili za haraka nyuma ya nyumba ujue. Ugoro ule hakumgawia mtu. Siku moja nilimwambia, "Mwenzangu, mbona hicho hukigawi?" Akanitazama kwa utulivu kabisa. "Kwani Marehemu ndiye aliyeninunulia?" akasema, akanipita.

Na mjusi. Mwanamke aliyeweza kumkamata nyoka kwa uma wa mti akamtupa nje ya ua, akiona mjusi wa ukutani hukimbilia kitandani akipiga kelele. Watoto wangu, waliokuwa wakimwita Mama Mkubwa na kumpenda kuliko nilivyotaka, walijifunza kumfukuzia mijusi kabla hajaingia chumbani. Mimi hawakunifukuzia hata panya. Nalo hilo nililiweka moyoni.

Kwa watu alikuwa na maneno machache, lakini kuku aliongea nao asubuhi nzima. Aliwauliza wamelalaje. Aliwapa habari za msiba na harusi. Ukitaka kujua Bi Mkubwa anafikiri nini juu yako, ilikupasa usimame karibu na banda. Huko ndiko nilikosikia akimwambia jogoo kwamba mke mwenzake anapika vizuri ila mkono wake wa chumvi ni mzito. Nilipunguza chumvi. Sikumwambia kwa nini.

Marehemu alifia Newala, nyumbani kwangu, katika zamu yangu. Bi Mkubwa aliwahi kufika. Mume wetu akatushika mikono sote wawili, yangu kushoto na yake kulia, akasema neno moja tu la kueleweka: "Msipunjane." Mimi nilikuwa nalia, sikujibu kitu. Bi Mkubwa akajibu, "Nimesikia." Alilisema kwa sauti ya mtu anayetia sahihi.

Akakaa eda kwangu. Eda ikaisha, akakaa. Kwetu Wamakonde, na kwao Wayao vilevile, nyumba ni ya mwanamke, na hii ilikuwa nyumba yangu, kiwanja cha mama yangu. Ningeweza kumwambia, haya Bi Mkubwa, Masasi wanakungoja. Sikumwambia, kwa sababu kila asubuhi niliamka nikajiambia nitamwambia kesho. Yeye akaleta kuku wake. Kiangazi kilipofika, na kisima cha uani tunachovunia maji ya mvua ya paa kikabaki na maji ya kuchungulia, alianza kugawa maji, ndoo kwa ndoo, akageuza uso, akasema, "Chagua." Nyumbani kwangu mwenyewe!

Basi, moyo. Mimi ndiye niliyeanza kuugua, miaka kadhaa kabla Marehemu hajafa. Nilikuwa ubaoni nafundisha hesabu, kifua kikabana, mkono wa kushoto ukafa ganzi, nikakaa chini mbele ya watoto. Nilipelekwa mpaka Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa ya moyo. Huko nikaambiwa mshipa mmoja unaoulisha moyo umeziba, na utawekewa stenti. Daktari alinionyesha picha yake: kijibomba cha waya uliosukwa kama wavu, kifupi kuliko ukucha. Kinapitishwa kwenye mishipa mpaka moyoni, kinatanuliwa mahali palipoziba, na kinabaki humo kushikilia njia isijifunge.

"Ziko za aina mbili," daktari akaniambia. "Iko ya chuma kitupu, na iko iliyopakwa dawa. Mama, mshipa wako ni mpana na mahali palipoziba ni pafupi. Chuma kitupu kitakutosha." Nilifurahi. Mshipa mpana, nikajua ni sifa. Wakaingilia pajani, kwenye kinena, nikalala chali na mfuko wa mchanga juu ya jeraha, marufuku kukunja mguu. Marehemu alikaa nami muda wote. Tuliporudi, akaenda Masasi akakaa siku zile zile alizokaa nami hospitalini, kulipa zamu. Mimi nachechemea Newala na paja limevia damu, mume wangu yuko Masasi ananisawazisha na mwanamke aliye mzima.

Na chuma chenyewe hakikutulia. Haukupita mwaka, kifua kikarudi, safari hii nikitoka sokoni. Nikapelekwa tena. Nyama ya mshipa ilikuwa imeota ndani ya chuma ikaifanya njia nyembamba upya. Wakapanua kwa puto. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusimama njiani. Nikienda sokoni nasimama mara mbili, nikijifanya natazama bidhaa.

Zamu ya Bi Mkubwa ilikuja alipokuwa kwangu tayari, mjane. Alikuwa anapepeta mahindi asubuhi, akaacha. Jasho likamtoka na hali Newala ni baridi. Akasema taya linamuuma. Majirani wakasema gesi, mpe tangawizi. Nikawaambia, "Gesi gani! Hii naijua mimi, kateni maneno, tafuteni gari." Mwanawe wa kwanza alikuja mbio kutoka Mtwara, akamchukua. Kwa hiyo mwaka ule mtu wa kwanza kumwokoa ni mimi. Hilo naomba likumbukwe, maana nitasema mengine.

Alirudi anatembea. Jamani, anatembea! Hakuguswa paja, walipitia kwenye kifundo cha mkono, na siku ile ile alikaa kitandani akanywa chai. Alikuwa na kovu dogo kama la kuumwa na siafu. Mwanawe akatueleza: "Mama Mdogo, ya Mama ni ile yenye dawa. Dawa inatoka kidogo kidogo, inazuia nyama isiote ndani."

"Na mimi mbona hawakunipaka?" nikamuuliza.

"Mshipa wake ni mwembamba, Mama Mdogo. Tena ana sukari. Watu wa namna hiyo chuma kitupu huwasumbua."

Basi nikauonea wivu mshipa mwembamba. Niliuonea wivu hata ule ugonjwa wa sukari, Mungu anisamehe. Watu wakaja kumpa pole, wakaomba kuona kovu, wakatoka wanasema sayansi imeendelea. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji ya wageni. Hakuna aliyeomba kuona kovu langu, na kwa mahali lilipo nisingewaonyesha, lakini wangeuliza.

Na pumzi alikuwa nayo. Miezi miwili tu baadaye, alikuwa akitoka nyumbani mpaka ukingoni, pale mteremko unapoanguka kuelekea bonde la Ruvuma, akasimama akatazama Msumbiji, akarudi bila kukaa popote. Mimi nilimfuata mara moja. Nilijifanya kamba ya kiatu imefunguka, nikainama kupumzika. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Kliniki yetu ya moyo ilikuwa Masasi. Pale kwenye benchi wagonjwa hawaulizani habari za watoto. Wanaulizana, "Wewe ni ya chuma kitupu au ya dawa?" Kulikuwa na dereva mstaafu mwenye chuma kitupu kama mimi, na chake hakijaziba hata siku moja, anapalilia mikorosho yake na kuimba. Kulikuwa na mama mmoja mwenye ya dawa ambaye bado anahema. Nilimuuliza daktari wa kliniki, ipi bora? Akasema kila mshipa na stenti yake, na kila stenti na masharti yake. Ya dawa kwa kawaida haizibi upesi kwa nyama. Lakini ina masharti makali zaidi. Sikuuliza masharti gani. Nilisikia "haizibi" nikaishia hapo.

Bi Mkubwa alitoka hospitalini na vidonge vingi, na kimoja kilikuwa cha waridi. Mimi wakati huo nilikuwa nimebaki na aspirini, cha presha na cha mafuta ya damu. Asubuhi tulikaa mkekani kila mtu na vyake. Akavitazama vyangu, akavitazama vyake.

"Mbona wewe huna cha waridi?"

"Nilikuwa nacho zamani. Wakasema basi."

"Wote tuna chuma," akasema. "Mgonjwa ni mgonjwa."

Kesho yake nikakuta kwenye kisahani changu kidonge cha waridi. Yeye siku hiyo hakumeza. Siku iliyofuata akameza yeye, mimi sikupewa. Alikuwa amevigawa vidonge vyake kama sukari, siku yake na siku yangu. Akageuza uso, akatazama ukutani. Nami nikameza, tena kwa raha. Hatimaye nilikuwa nimepata kitu cha stenti yenye dawa.

Niliendelea mpaka siku yangu ya kliniki. Daktari akanikunjia mkono wa gauni kupima presha, akaona madoa ya bluu kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Akauliza nimeanguka wapi. Nikasema sijaanguka. Akauliza nameza nini. Nikamwambia.

Akaiweka mashine ya presha mezani. "Mama, chuma chako kilishafunikwa na ngozi ya mshipa zamani. Damu haikioni tena. Wewe kidonge hicho kinakutoa damu bure, acha leo hii. Chuma cha mwenzio ni tofauti. Ile dawa inayozuia nyama isiote, hiyo hiyo inachelewesha ngozi kukifunika chuma. Chuma bado kiko wazi. Damu ikikipita bila vidonge vyote viwili, aspirini na hicho cha waridi, inaweza kuganda ghafla. Hapo si kifua kubana kidogo kidogo kama wewe. Mtu anaanguka na harudi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utimie mwaka tangu alipowekewa. Kila siku, bila kuruka."

Nisiwadanganye. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Kumbe nacho kina dosari! Kumbe changu, hiki kitupu, hiki cha mshipa mpana, kimelala kimefunikwa shuka, na chake kiko wazi! Furaha ile ilinichukua mpaka mlangoni. Nilipofika nje kwenye jua la Masasi, nikakumbuka kwamba leo ilikuwa siku yangu ya kidonge, na Bi Mkubwa hajameza, na yuko Newala anazungumza na kuku. Nikakaa chini pale pale.

Nilimweleza jioni ile ile. Akasikiliza mpaka mwisho. "Daktari wako si yeye aliyeniwekea mimi," akasema. Nikampigia daktari simu, nikampa azungumze naye. "Ndiyo mwanangu. Nimesikia mwanangu. Mungu akuzidishie." Akanirudishia simu. Kesho yake kidonge cha waridi kikawa kwenye kisahani changu.

"Bi Mkubwa, nimekwambia sitaki!"

"Unakataa kwa wivu. Unataka useme nilimeza peke yangu. Marehemu alisema tusipunjane, na mimi ndiye niliyejibu. Wewe hukujibu."

Nikakusanya vidonge vyote nilivyokuwa sijameza nikamrudishia. Akavigawa upya, akanirudishia nusu. Nikampigia mwanawe Mtwara. Alishtuka, akamwomba mama yake kwa simu, akajibiwa, "Nimesikia mwanangu." Vidonge Bi Mkubwa alivipata kwa bima, vya mwezi hadi mwezi, kipimo cha mtu mmoja; mwanawe akasema atatafuta vya kuongeza ili mama yake ameze kila siku, nimpe siku chache. Siku chache! Nilikuwa nakaa macho nikimsikiliza anavyohema chumba cha pili. Niliyemwonea wivu kwa pumzi zake, sasa nazihesabu kama mama wa mtoto mwenye degedege. Hapo ndipo nilipojua ubaya wa wivu usiofichwa. Mtaa mzima ulijua namwonea, naye alijua kuliko mtaa. Neno lolote jema kutoka kinywani kwangu lilikuwa limeshachafuka kabla ya kumfikia.

Basi nikaona dawa ni kumwekea kwenye uji. Siku iliyokuwa yangu, niliamka mapema, nikapika uji wa ulezi usio na sukari kama anavyokunywa, nikachukua kile kidonge cha waridi nikakisaga kati ya vijiko viwili. Nilikuwa naukung'utia unga ule kwenye bakuli lake nikasikia mlango.

Alikuwa amesimama hapo na chombo cha chakula cha kuku mkononi.

Fikirieni. Mke mwenza, jikoni, alfajiri, ameinamia bakuli la mwenzake na unga mwekundu kwenye kijiko. Kwetu huku watu wamefukuzwa kijijini kwa pungufu ya hapo. Nilisubiri apige yowe. Hakupiga. Alivuta kigoda akakaa mbele ya bakuli.

"Umeanza lini?" akaniuliza.

"Leo."

"Ni nini?"

"Kidonge chako. Cha waridi."

"Mke mwenza akikutwa hivi, akasema ni dawa ya moyo, nani atamwamini?"

"Wewe."

"Kwa lipi? Umenionea wivu tangu ulipoingia."

"Nimekuonea. Hata sasa nakuonea."

"Sasa mtu anayenionea wivu, mbona anitilie dawa, asinitilie sumu?"

Sikuwa nimejiandaa. Ningekuwa nimejiandaa ningesema neno la busara, mimi ni mwalimu. Kilichotoka ni hasira. "Kwa sababu hatulingani!" nikapiga kelele. "Mshipa wako mwembamba, wangu mpana. Wewe una sukari, mimi sina. Chuma chako kina dawa, changu kitupu. Chako kinataka kidonge kila siku, changu hakitaki. Marehemu alitusawazisha kwa nyama na kanga, haya, lakini humu kifuani hakutusawazisha mtu. Usinigawie! Hatulingani mimi na wewe!"

Kuku wakanyamaza kule nje. Bi Mkubwa akaweka chombo chake chini.

"Sema tena," akasema.

"Nini?"

"Hilo la mwisho."

"Hatulingani."

Akafumba macho. Nilidhani ndio ule mgando umekuja, nikamshika bega. Akautoa mkono wangu taratibu. "Unajua mimi nilikuwa naye mzima?" akasema. "Mume. Nilikuwa naye mzima, peke yangu, na watoto wawili. Nikaambiwa nimkate katikati. Tena nimkate kwa mkono wangu, nitume nusu Newala kwenye kikapu, na nitabasamu. Kila nikigawa nageuza uso. Wewe ulidhani ni maringo. Nilikuwa sitaki uone macho yangu. Miaka yote hii hakuna mtu, si yeye, si shehe, si wewe, aliyewahi kuniambia kwamba hatulingani."

Nilidhani wivu wa nyumba ile ulikuwa wangu peke yangu.

"Basi kama hatulingani," akasema, "ile nafasi ubavuni kwa Marehemu ni yangu."

Hilo tulikuwa hatujawahi kulitamka. Kaburi la Marehemu liko Newala. Upande wake mmoja amelala mdogo wake, na upande wa pili pana nafasi ya mtu mmoja, halafu ukuta. Haikatiki ile. Haina zamu. Mimi nilikuwa nimeshaihesabu kuwa yangu: mji ni wangu, makaburi ni ya kwetu, alikufa mikononi mwangu. Ilikuwa ndiyo mali yangu ya mwisho, na nilikuwa nikilala usingizi kwa ajili yake.

Nikautazama uji. Ulikuwa unaanza kushika utando juu.

"Chukua," nikasema.

"Sema vizuri."

"Nafasi ile ni yako, Bi Mkubwa. Mimi watanilaza popote."

Akalivuta bakuli. Hakuuliza tena ni nini kilichomo. Akanywa uji wote bila kupumzika, uso umemkunjamana kwa uchungu wa dawa, akapitisha kidole ndani akalamba mpaka bakuli likawa jeupe. Akafuta mdomo kwa kanga.

"Kesho nipe kizima, usinisagie," akasema. "Na usidhani nina haraka ya kwenda kulala pale."

Alimeza kila siku mpaka mwaka ukatimia, kisha akarudi kwao Masasi na kuku wake. Mimi bado nasimama mara mbili nikienda sokoni, na mara ya pili huwa ni pale makaburini, kwenye ukuta. Nafasi ile ipo wazi, imeota nyasi nzuri, na naitazama kwa wivu mpaka pumzi inirudie.